Kama Sigara Inaua, kwa Nini Isipigwe Marufuku Kabisa?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nami nalinukuu kwa ufupi: "Baba yangu alifariki kwa saratani ya mapafu. Alivuta sigara tangu ujana wake. Sasa mume wangu anamaliza pakiti nzima kwa siku, tena humu humu ndani, na mtoto wetu mdogo ana pumu. Serikali zote zinajua kuwa sigara inaua. Kwa nini zisiipige marufuku kabisa tukapumzika? Ni tamaa ya kodi? Na hao wanaosema kuvuta ni haki ya mtu, wewe daktari unawajibu nini?"

Dada yangu, pole kwa kufiwa na mzazi, na pole kwa mzigo ulio nao sasa. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kifua, na swali hili nimeulizwa na wajane, na watoto wa wagonjwa, na hata na wagonjwa wenyewe wakiwa na mpira wa oksijeni puani. Nitakujibu kwa urefu, maana ndiyo au hapana peke yake haitakusaidia.

Nianze na msimamo wangu ili usiutafute katikati ya maneno mengi. Moshi wa sigara upigwe marufuku kila mahali ambapo mtu mwingine analazimika kuuvuta. Matangazo ya tumbaku yapigwe marufuku yote, ya wazi na ya kujificha. Kizazi kinachokua kisiuziwe sigara, na marufuku hiyo iendelee hata watakapokuwa watu wazima. Lakini mtu ambaye tayari ni mraibu, kama mume wako, sheria isimgeuze kuwa mhalifu kwa sababu ya kile anachokivuta. Hapo tu ndipo ninapoachana na wanaotaka ifungwe yote kwa siku moja.

Hasira yako ina haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao takriban milioni 1.6 hawakuwa wavutaji, waliuawa na moshi wa wenzao. Kati ya wale wanaovuta bila kuacha, hadi nusu hufa kwa maradhi yanayoletwa na tumbaku. Hakuna bidhaa nyingine halali ya dukani ambayo mteja akiitumia vile vile mtengenezaji alivyokusudia, anakuwa na uwezekano mkubwa hivyo wa kuuawa nayo. Kama sigara ingebuniwa leo na mtu akaipeleka kuombewa kibali cha kuuzwa, hakuna mamlaka ambayo ingeitia saini.

Tena hatuwezi kusema tumejua juzi. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill, watafiti wa Uingereza, walichapisha ushahidi uliounganisha uvutaji na saratani ya mapafu. Tarehe 11 Januari 1964, Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyolitangaza jambo hilo kwa dunia nzima. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na zaidi ya 60 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Watu wanaogopa saratani, nami naiogopa pia, ila naomba usisahau moyo na mishipa ya damu. Wavutaji wengi hawafiki hata kuugua saratani. Wanaondoka kwa shambulio la moyo au kiharusi wakiwa na miaka 50 na kitu, na msibani hakuna anayeitaja sigara.

Sasa hoja ya haki ya mtu. Siidharau hoja hii. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kufanya mambo yanayomdhuru yeye mwenyewe, na mimi nisingependa kuishi mahali ambapo daktari ndiye anayeamua kila kinachoingia kinywani mwa watu. Lakini huwa nawauliza wanaoitoa: huyo mtu aliamua lini? Wengi mno wa wavutaji wa kila siku walianza kabla ya kutimiza miaka 18. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, ikivutwa kwa moshi hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hivi, ikachochea dopamini, ile kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Ubongo wa kijana bado unajijenga, kwa hiyo somo hilo linaingia ndani zaidi kuliko lingeingia kwa mtu wa miaka 40. Kijana aliyeonja ili aonekane mkubwa mbele ya wenzake, baada ya muda si mrefu anajikuta akiamka asubuhi anatafuta kiberiti kabla hajanawa uso. Arosto imemshika, na kuanzia hapo anavuta zaidi ili asijisikie vibaya kuliko ili ajisikie vizuri.

Waulize wavutaji wenyewe. Katika tafiti za Marekani, takriban theluthi mbili wanasema wanataka kuacha. Wanaojaribu peke yao bila msaada wowote, wanaokaa mwaka mzima bila kurudi ni kati ya 3 na 5 tu katika kila 100. Tunapolinda "uhuru wa kuvuta" tunalinda uamuzi wa mtoto wa miaka 15 dhidi ya mtu mzima wa miaka 45 ambaye kila mwaka mpya anaapa kuacha na hawezi.

Halafu kuna uongo. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni kubwa za tumbaku walikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakiwa wamekula kiapo, wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba hawaamini nikotini inaleta uraibu. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kuwa kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo mingi kuhusu madhara ya sigara na kuhusu uraibu wake. Hata zile sigara zilizoitwa "laiti", ambazo baba yako huenda aliambiwa ni nafuu kwa kifua, hazikuwa na unafuu wowote kiafya: mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi na kuziba kwa vidole vile vitundu vya kichungi, akapata kiasi kile kile cha nikotini na lami. Anayezungumzia hiari aeleze kwanza hiari gani inayojengwa juu ya habari za uongo.

Na kuna wewe na watoto. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alionyesha kuwa wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji wazito walikuwa wakipata saratani ya mapafu zaidi kuliko walioolewa na wasiovuta. Kampuni zilimshambulia kwa miaka, lakini tafiti zilizofuata zilimuunga mkono. Kwa watoto, moshi wa nyumbani unaleta nimonia, maumivu ya masikio, pumu inayozidi makali, na kwa wachanga hata vifo vya ghafla wakiwa usingizini. Haki ya mtu kujidhuru inafika mwisho kwenye pua ya mwanawe. Hapo sina mjadala na mtu yeyote.

Ukiyaweka haya pamoja utaniuliza: basi daktari, kwa nini usiseme ifungwe yote?

Kwa sababu imeshajaribiwa. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya alipiga marufuku tumbaku na adhabu yake ilikuwa kifo. Watu waliuawa kweli kweli. Bado walivuta, na miaka michache baada ya yeye kufa marufuku ile ikalegezwa. Kama upanga wa sultani haukuweza, sioni faini ya mahakama itaweza vipi.

Tuache ya kale. Bhutan, nchi ndogo ya milimani kati ya India na China, ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004. Mwaka 2010 ikatunga sheria kali zaidi, na watu wakafungwa jela kwa kukutwa na kiasi kidogo cha tumbaku, mpaka wananchi wenyewe wakalalamika na sheria ikapunguzwa makali. Tumbaku iliendelea kupita mpakani kwa magendo. Lilipokuja janga la korona, serikali iliona kwamba wapitisha magendo wanaweza kuvusha na virusi pia, ikaruhusu uuzaji mwaka 2020, na mwaka 2021 ikabadilisha sheria. Afrika Kusini ilisimamisha uuzaji wa sigara kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka katikati ya Agosti 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliowahoji wavutaji walikuta kuwa wengi mno waliendelea kununua, kwa bei iliyopanda zaidi ya maradufu. Wapo walioacha, na hao nawapongeza. Lakini fedha ambazo zingeingia hazina ziliingia kwa wauza magendo, na marufuku ilipoondolewa mitandao ile haikuvunjika, ikabaki na wateja wake.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani sababu yake ni moja. Sheria inahitaji mlinzi. Mtu akiiba, aliyeibiwa anapiga kelele. Lakini mtu akimuuzia mwenzake sigara kwa kificho, muuzaji ameridhika na mnunuzi ameridhika. Nani atakwenda kushtaki? Polisi wanabaki peke yao kulinda sheria ambayo hakuna raia anayeihitaji pale uchochoroni, na penye udhia watu hupenyeza rupia. Mwisho wa yote wanaokamatwa ni maskini wasio na cha kupenyeza. Marekani iliona hayo ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, sina haja ya kuyarefusha.

Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 29 Machi 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. Waliotabiri fujo walikuwa wengi: kwamba baa zitafungwa, kwamba watu watapigana, kwamba haitekelezeki. Ilitekelezeka karibu mara moja, bila jeshi la polisi. Kwa nini pale iliwezekana na Bhutan ikashindikana? Kwa sababu ndani ya ile baa kulikuwa na mhudumu aliyechoka kunusa moshi kwa zamu nzima, na wateja wengine ambao siku zote walikuwa wakinyamaza kwa adabu. Sheria iliwapa neno la kusema. Mvutaji akiwasha, watu kumi walikuwa tayari kumwambia aende nje, na yeye mwenyewe alijua wana haki. Tangu hapo nchi nyingi zimefuata njia hiyo, na palipopimwa vizuri, wagonjwa wa shambulio la moyo wanaofikishwa hospitalini walipungua baada ya hewa kusafishwa.

Ndiyo maana nasema marufuku ya moshi ina nguvu kuliko marufuku ya sigara. Aliyedhulumiwa yupo pale pale, anaona, ana mdomo.

Kuhusu kodi, umegusa penyewe. Ndiyo, fedha za tumbaku zinazipa serikali kigugumizi. Lakini hesabu hiyo ni mbovu hata kwa mwenye kupenda fedha. Ripoti ya mwaka 2016 ya Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikadiria kuwa uvutaji unaigharimu dunia zaidi ya dola trilioni 1 kwa mwaka, kwa matibabu na nguvu kazi inayopotea, huku ushuru wote wa tumbaku ulioingia hazina za nchi mbalimbali mwaka 2013 na 2014 ukiwa kama dola bilioni 269. Serikali inayotegemea sigara kwa mapato inapata kwa mkono mmoja na kutoa zaidi ya mara tatu kwa mwingine, na sehemu kubwa ya gharama hiyo inabebwa na familia kama yenu, ambazo hazimo kwenye vitabu vya hazina.

Na bado kodi hiyo hiyo, ikiwa kubwa ipasavyo, ndiyo dawa bora tuliyo nayo. Bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa asilimia 4 hivi katika nchi tajiri, na kama 5 katika nchi za kipato cha kati na cha chini. Wanaoacha wa kwanza ni vijana, maana mfuko wao ni mwepesi na uraibu wao haujakomaa. Sharti ni kwamba kodi ipande haraka kuliko mapato ya watu, na uuzaji wa sigara moja moja ukomeshwe, kwa sababu mtoto hanunui pakiti. Mtoto ananunua moja. Nikipewa nafasi ya kupitisha kifungu kimoja tu cha sheria leo, nitachagua hicho cha sigara moja moja, na nitalala usingizi.

Ukitaka kujua ni hatua zipi zinazoziumiza kampuni kweli, angalia zinapigania nini mahakamani. Uruguay ilipoamuru picha za maonyo zifunike asilimia 80 ya pakiti, na kila chapa iuzwe kwa sura moja tu, kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki nchi hiyo ndogo mwaka 2010 kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa. Shauri lilichukua miaka sita, na mwaka 2016 Uruguay ikashinda. Australia iliposhurutisha pakiti zote ziwe za rangi moja mbaya ya kahawia iliyochanganyika na kijani, bila nembo, kuanzia Desemba 2012, kampuni zilikwenda mahakama kuu ya nchi hiyo na kushindwa. Sijaona zikipigana namna hiyo dhidi ya somo la shuleni linalowaambia watoto kuwa kuvuta ni uamuzi wa watu wazima. Kinyume chake, zimewahi kudhamini masomo ya aina hiyo zenyewe, na sababu yake iko wazi: ukitaka kijana wa miaka 14 atamani kitu, mwambie ni cha wakubwa.

Sasa nije kwenye ile marufuku ninayoiunga mkono ambayo wengi bado wanaiona ngeni, ya kizazi. Haimgusi anayevuta leo. Inaweka tarehe ya kuzaliwa, na aliyezaliwa baada ya hapo hatauziwa tumbaku akiwa na miaka 18, wala 30, wala 60. New Zealand ilipitisha sheria hiyo Desemba 2022 kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2009, kisha serikali mpya ikaifuta mwanzoni mwa 2024 kabla haijaanza kufanya kazi. Jambo lile lilinihuzunisha sana, maana nchi ile ilikuwa imetufungulia njia. Lakini mji mdogo wa Brookline huko Massachusetts, jimbo la Marekani, ulikuwa umeshaweka kanuni kama hiyo kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2000, na mahakama ya juu ya jimbo ikaikubali mwaka 2024. Maldivi, visiwa vya Bahari ya Hindi, ikawa nchi iliyoitekeleza kitaifa: tangu tarehe 1 Novemba 2025, aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2007 haruhusiwi kununua wala kutumia tumbaku, na watalii hawakuachwa nje.

Wapinzani wanasema: itakuwaje mtu wa miaka 40 auziwe sigara, halafu mdogo wake wa 39 akataliwe? Ni kweli, kwenye karatasi inaonekana kichekesho. Lakini mpaka wa umri tulio nao sasa una kichekesho kikubwa zaidi. Unasema kwamba sumu hii inageuka kuwa sawa usiku mmoja, siku ya kutimiza miaka 18. Haigeuki. Na hapa mlinzi yupo: wazazi. Hata mzazi anayevuta hataki mwanawe avute. Mume wako mwenyewe, muulize leo jioni kama anataka watoto wake waje kuvuta, na sikiliza atakavyojibu. Sheria yenye mzazi kila nyumba nyuma yake ina wa kuilinda. Ninachokipinga ni kipengele chochote kinachomwadhibu kijana mwenyewe. Adhabu iende dukani.

Kuhusu wakulima wa tumbaku, huwa wanatajwa kila mjadala huu unapoanza, mara nyingi na watu wasiowajali siku nyingine. Wavutaji wa leo hawataisha kesho. Kizazi kizima kitapita kabla soko halijakauka, na huo ni muda wa kutosha kumsaidia mkulima kuhamia zao lingine, serikali ikitaka.

Sigara za kielektroniki nazitaja kwa kupita tu. Hazina moshi wa kuungua, kwa hiyo mvutaji wa miaka mingi akihamia huko moja kwa moja na kuachana na sigara kabisa, anapunguza madhara. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta ni mlango wa uraibu wa nikotini wenye ladha ya matunda, na kwake zipigwe marufuku bila kusitasita. Shisha ni tumbaku na moshi wa makaa, maji hayachuji saratani.

Turudi nyumbani kwako, maana bunge lolote lipitishe lisipitishe, mtoto wako ana pumu leo.

Nyumba yako inahitaji sheria yake, na mlinzi wake ni wewe. Usimwambie mume wako "acha sigara" kama neno la kwanza. Umeshalisema mara nyingi, na kila linaposemwa anajisikia mtu aliyeshindwa, kisha anatoka kwenda kuwasha nyingine. Mwambie jambo dogo lenye mpaka: ndani ya nyumba na ndani ya gari hakuna moshi, kwa sababu ya kifua cha mtoto. Kufungua dirisha hakutoshi, kuvuta chumba cha pili hakutoshi, na feni inausambaza tu. Atoke nje kabisa, mbali na mlango. Mke wa mvutaji mara nyingi anaogopa kusema hili akidhani ataleta ugomvi, lakini nimeona wanaume wengi wakilikubali wakiambiwa kwa utulivu, mtoto akiwa ndiye sababu. Tena lina faida ya pili: mtu anayelazimika kutoka kila anapotaka kuvuta hupunguza bila kujijua, na wanaoishi katika nyumba zisizo na moshi huacha kwa urahisi zaidi.

Ila kupunguza si mwisho wa safari. Sigara moja tu kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta 20. Mwili hauhesabu kwa mpango tunaoutaka sisi. Kwa hiyo lengo liwe kuacha kabisa, na kwa mtu wa pakiti nzima kwa siku nisingependa ajaribu mikono mitupu. Kuna bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi asubuhi, ambalo linashusha kiu ya siku nzima, na kuna chingamu ya nikotini kwa ile kiu ya ghafla baada ya kula au akiwa na hasira. Vikitumiwa pamoja vinafanya kazi kuliko kimoja peke yake. Kuna vidonge pia, vareniklini, sitisini na bupropioni, ambavyo daktari ataamua kama vinamfaa, hasa akiwa na historia ya kifafa au maradhi mengine. Dawa ikiongezewa mtu wa kuzungumza naye mara kwa mara, kliniki au hata kwa simu, nafasi yake inakuwa kubwa kuliko dawa peke yake.

Siku za mwanzo zitakuwa ngumu kwenu nyote. Wiki ya kwanza ndiyo kilele: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kushindwa kutulia. Kwa wengi hupungua sana baada ya wiki mbili mpaka nne. Akikusemea vibaya katika siku hizo, ujue ni arosto inayosema, ingawa sisemi uvumilie matusi. Akirudia, usihesabu kuwa yote yamepotea. Wengi walioacha moja kwa moja walishawahi kuanguka kabla, na kila jaribio linamfundisha ni saa gani na ni watu gani wanaomrudisha.

Kuna faida inayomngoja akiacha, na hii mwoneshe. Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951 kwa miaka 50. Waliovuta mpaka mwisho walipoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 30 walirudishiwa karibu yote. Walioacha na 40 walirudishiwa 9, na 50 wakapata 6, na hata walioacha na 60 walipata 3. Hukuniambia mume wako ana umri gani, lakini popote alipo katika hesabu hiyo, kuna miaka inayomngoja.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Wavutaji wana tabia ya kukiita kikohozi chao "cha sigara" na kukizoea. Kama mume wako anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, au anatoa makohozi yenye damu, au anapungua uzito bila sababu, au pumzi inambana akipanda ngazi alizozoea kuzipanda, apelekwe hospitali apigwe picha ya kifua na apimwe makohozi. Wavutaji wana hatari zaidi ya maradufu ya kupata kifua kikuu, na hicho kinatibika na kupona, lakini kikikaa ndani kitawafikia na watoto. Aende hata kama bado anavuta. Wengi huchelewa kwa kuogopa kugombezwa na daktari, wakisema wataacha kwanza ndipo waende. Mwambie nimesema aende hivyo hivyo, na pakiti yake mfukoni.